Siku Skrini ya Mwongeli Ilipoombewa

Pale kwa hoteli ya Mwongeli, hapa Tulia, Kitui, habari ililetwa na Kaveke, huyu tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio na akaifunga. Alikuwa amesoma kwa simu kwamba kuna watu huko nje wametengeneza programu ya kubadilisha ubongo wa skrini za kompyuta, wakaiachilia bure, na code iko wazi kila mtu aisome.

"Wewe umeisoma?" akauliza Mutisya, jina la hapa Hansard, kwa vile hasahau neno la mtu.

"Mimi hapana. Kuna wenye wamesoma."

"Hata Ufunuo kuna wenye wamesoma, na bado tuko hapa tu."

Mwongeli hakucheka. Monitor yake ya mtumba, hiyo hutuonyesha mpira, ilikuwa inazima na kuwaka kama indiketa, na kesho ni fainali. Isipopona tutavuka barabara wote kwa Musembi, ambaye chai yake huonyeshwa maziwa kwa mbali. Akamwambia Injinia ajaribu.

Injinia akaunganisha laptop na skrini, akatuonya: stima ya skrini isiguswe mpaka programu ifike asilimia mia. Ikikatika katikati, imekufa.

Kusikia kufa, Nyamai akasimama. Huyu ni shemasi kanisani, na hata hapa hakuna kitu huanza bila yeye kuomba. Kofia zikatoka, macho yakafungwa. Akasoma kwa simu Zaburi ya mia na kumi na tisa, yote. Akaombea stima ya Kitui isipotee, akaifunika transfoma, akakemea hata nyani wenye huruka kwa waya. Kabla ya hapo, katikati ya zaburi, alinyamaza kidogo. Tukadhani ni Roho.

Amina. Kufungua macho, skrini ni nyeusi na balbu inawaka.

Hansard akanyoosha kidole kwa soketi, ile moja tu ya hoteli. Ilikuwa na chaja. Tukafuata waya na macho mpaka mkononi mwa Nyamai.

"Simu ilikuwa inazima," akasema, "na zaburi haijaisha. Mlitaka nikatize neno?"

"Shemasi, si uliomba stima isikatike?"

"Na ilikatika?"

Mwongeli akafuta mikono kwa aproni. "Simu imejaa?"

"Karibu ijae, mwaitu," akamjibu kwa heshima ya mama.

"Basi kesho mpira tutauona kwa hiyo, na bundles ni zako. Utasimama hapo mbele umeiinua kama Musa vitani. Mikono ikichoka, Injinia atakushikilia huku, Hansard kule."

"Na ikienda penalti?" akauliza Hansard.

"Ataomba. Lakini sisi, macho wazi."