Samansi ya Mazoezi Iliyofika Makorora

Jamaa zangu wa Pangani, leo nimeadhirika. Tena si faraghani. Ni mbele ya wanafunzi ishirini na wanne, Mwalimu Mkuu, majirani wa Makorora na beberu mmoja.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye karani wa masomo katika hiki chuo chetu cha sheria hapa Tanga, wanapofundishwa mahakimu na makarani wa mabaraza ya wenyeji. Kuandikisha wanafunzi, kupanga vipindi, kutunza majalada, kuandaa mitihani, yote yako juu yangu. (Chai ya Mwalimu Mkuu pia, ingawa hiyo haimo katika barua ya ajira.) Na jambo jingine mnalijua: mwezi wa pili huu nangoja jibu la posa. Nimemposa Zuhura, binti wa Mzee Athumani bin Mbaruk, mwenye minazi, anayekaa Makorora. Mzee kimya. Hakukubali, hakukataa. Nikikutana naye njiani nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, kisha anatazama juu kama anayekagua mawingu. Nimekonda!

Leo ulikuwa mtihani wa kesi ya mazoezi. Wanafunzi wanaigiza baraza zima, hakimu, mshtaki, mshtakiwa na mashahidi, naye Mwalimu Elieza, Mwalimu Mkuu wetu, anakaa nyuma akitoa alama. Kutunga kesi na kupiga taipu hati zake ni kazi yangu. Jana alasiri nikatunga wizi wa beberu. Beberu mweusi, doa jeupe kifuani, sikio la kushoto limepasuka. Safi kabisa! Likabaki jina la mshtakiwa. Vidole vikajipigia vyenyewe: Athumani bin Mbaruk, Makorora, nyuma ya msikiti.

Wallahi sikukusudia. Jina lile nililipiga mara saba nilipokuwa naandaa barua ya posa, na vidole vilishalizoea. Nikaitoa samansi kwenye mashine, nikaigonga mhuri, nikatia sahihi yangu chini, nikaiweka kwenye trei. Neno "mazoezi" nililiandika juu ya jalada tu, kwenye samansi yenyewe hakuna. (Karani hodari huyo!)

Saa tatu mtihani ukaanza. Hakimu alikuwa Bakari, mwanafunzi kutoka Maramba. Darasani ni mpole, ila ukimkalisha kwenye kiti cha hakimu anavimba. Akauliza, kama utaratibu unavyotaka, "Tarishi, samansi imemfikia mshtakiwa?"

Tarishi wetu ni Mzee Kombo, aliyetumikia mahakama kabla sisi hatujazaliwa. Katika mazoezi anatakiwa kuapa, aseme "imefika", basi akae. Leo akasimama wima.

"Imefika, Bwana Hakimu. Nimempa mkononi mwake saa moja na nusu asubuhi. Ameisoma mara mbili. Kisha ameniuliza kama nina akili timamu."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka! Nikajisemea, mzee leo katia chumvi.

"Mshtakiwa Athumani bin Mbaruk asimame!"

Mwanafunzi aliyepangiwa kuwa mshtakiwa akasimama. Mlangoni nako sauti ikasema, "Nipo!"

Jamaa, nikageuka. Mzee Athumani kaingia na kanzu yake ya Idi, joho juu, bakora mkononi. Nyuma yake majirani wapatao kumi. Nyuma yao, akivutwa kwa kamba, beberu mweusi, doa jeupe kifuani, sikio la kushoto limepasuka. Ndipo nikakumbuka nilikomwona: uani kwa Mzee Athumani, siku ile nilipopita nikijifanya nimepotea njia, kumbe namchungulia Zuhura.

Nikamnong'oneza Mzee Kombo, "Mzee wangu, umeipeleka kweli?"

"Sasa ningeapaje kuwa imefika, nayo imelala kwenye trei?" akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka stesheni. "Mimi siapi uongo, mwanangu. Hata wa mazoezi."

Nikamtazama Mwalimu Elieza aniokoe. Akafungua ukurasa mpya wa daftari la alama. "Endelea, Bwana Hakimu." (Mshambaa huyu akicheka husikii kitu, utaona mabega tu yanatikisika. Yalikuwa yanatikisika.)

"Mshtakiwa," Bakari akasema huku jasho likimtoka, "unakiri au unakana?"

"Nakana! Beberu huyu kazaliwa kwangu, na hawa wote ni mashahidi. Nami namuuliza huyo aliyetia sahihi hapa: kwangu alikuja kuposa, ama alikuja kupeleleza mifugo?"

Watu wote wakanigeukia. Bakari hakunionea huruma hata kidogo.

"Karani apande kizimbani."

Kizimba chenyewe nilikipanga mimi, kwa madawati mawili! Nikapanda, nikaapa.

"Jina la mshtakiwa umelitoa wapi?"

"Vidole vimelizoea, Bwana Hakimu. Nililipiga taipu mara saba."

"Katika hati gani?"

"Barua."

"Barua ya nini?"

"Ya posa," nikasema chini chini.

"Sema kwa sauti. Mahakama haikusikia."

"YA POSA!"

Darasa zima likaangua kicheko. Yule mshtakiwa wa kuigiza akakaa sakafuni, kashika mbavu. Aliyenistahi ni beberu peke yake.

Mzee Athumani hakucheka. Akatia mkono ndani ya joho, akatoa karatasi. Nikaijua pale pale.

"Barua yenyewe hii hapa, Bwana Hakimu. Naomba isomwe, watu waone kwa nini sikuijibu."

Bakari akasoma kwa sauti ya baraza. "Kumbukumbu namba moja. Yahusu: maombi ya mke..." Akaendelea mpaka mwisho, ambapo mimi, kwa mazoea ya kazi, nilikuwa nimeandika: "Nakala: jaladani."

(Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.)

"Miezi miwili sijui naombwa binti ama nahamishwa kazi kwenda Amani kule milimani!" mzee akasema. "Babake huyu alipomposa mamake aliandika kwa mkono wake, nami nilikuwapo. Mimi ni mtu, si ofisi!"

Nikaona sina la kuficha tena. "Baba, niliogopa," nikasema. "Namtaka Zuhura mpaka mikono ilikuwa inatetemeka. Kila nikishika kalamu naharibu. Nikaona mashine haitetemeki."

Kicheko kikakatika. Bakari akainama kushauriana na wazee wake wawili wa baraza (mmoja ana miaka ishirini na moja), kisha akatoa hukumu. Mshtakiwa yuko huru, pamoja na beberu wake. Karani aandike barua upya, kwa mkono, papo hapo, kabla mahakama haijafungwa.

Nikaandika, watu wote wale wakinitolea macho. Wino ulidondoka mara mbili. Mistari ilipanda, ikashuka. Mzee Athumani akaisoma polepole, akaipuliza ikauke, akaikunja na kuitia mfuko wa kifuani.

"Hii naielewa," akasema. "Ijumaa baada ya swala uje na wazee wako. Na huo mhuri uuache hapa hapa."

Jamaa, nililia. Katikati ya mtihani, nililia kwa furaha.

Bakari kapata alama za juu kupita wote, na aliyeziandika daftarini ni mimi mwenyewe. Mzee Kombo naye anauliza kama siku ya Ijumaa tutahitaji tarishi.

Basi kama mna kucheka, chekeni leo mmalize, maana Ijumaa nawataka Makorora mmevaa kanzu safi na nyuso za heshima. Na mkiona barua hii ina madoa ya wino na mistari imepinda, taipu ipo hapa pembeni yangu. Nimeifunika.