Bunduki Iliyotoboa Bati

Griffin alipopita mtaa wa Shika Adabu, Likoni, na kumwona Nzai akiwarushia kunguru kandambili, alijua riziki imemwita kwa jina. Wiki ile Nzai alikuwa amenyakuliwa vifaranga kumi na wanane, na sasa mguu mmoja ulikuwa mtupu. Kesho yake Griffin alirudi na bunduki ya upepo, kaiviringisha kwenye leso kwa heshima zote za maiti.

Bunduki ile ilikuwa na ila moja tu, nayo ni Griffin mwenyewe. Alikuwa ameing'oa springi yake na kutia nyingine ngumu, ya gari bovu la Changamwe, kwa sababu aliwajua wanunuzi. Mwanamume haulizi bunduki inalenga vipi. Huuliza ina nguvu gani. Basi akaegemeza bati ukutani, akasimama umbali wa hatua tatu, akafyatua. Bati likatoboka. Nzai akapitisha kidole tunduni, akaanza kuulizia bei kwa sauti ya mtu aliyekwisha kununua.

Mkewe, Dorcas, alikuwa akipeta mchele. Babake aliwinda kanga miaka mingi huko Kaloleni, lakini nani alimuuliza?

"Kaka Griffin, kunguru wa kwenu huvaa mabati?"

Griffin akacheka, akaeleza kwamba nguvu ndiyo shabaha yenyewe: risasi yenye kasi haina muda wa kupotea.

"Haya, mpige yule." Dorcas alionyesha kunguru juu ya nguzo ya stima, hatua ishirini na tano.

Bunduki ikaruka kama punda aliyetiwa pilipili. Risasi ya kwanza ilitoboa tangi la jirani. Ya pili haijulikani iliko hadi leo. Ya tatu iling'oa unyoya wa mkia. Kunguru akapiga yowe, wakaja arobaini, wakamkagua Griffin kama askari anayesoma kitambulisho.

Siku nne kila alikokwenda Likoni kutafuta mnunuzi mwingine, walikuwa juu yake wakimtangaza. Kule Timbwani walimmwagia mteja kinyesi akiwa bado anauliza bei. Griffin akarudi kwa Dorcas, amekonda.

Dorcas alimhurumia mno.

"Huandama bunduki, si mtu," akamwambia. "Baba alikuwa haibebi njiani mchana, haki ya Mungu. Niachie mimi balaa hili. Chukua kuku wawili, wa pole."

Griffin, aliyekula miaka yote kwa uongo wa sauti laini, hakuutambua ulipotoka kinywani mwa mwingine. Hata springi ya zamani, iliyokuwa mfukoni mwake, aliiacha, asije akabeba harufu ya bunduki.

Kabla chai haijapoa, Dorcas alikuwa ameirudisha springi ile dhaifu na kuegemeza mtutu dirishani. Risasi tatu, kunguru watatu. Nzai akalalamika kwamba sasa haitoboi bati.

Griffin naye alikuwa kwenye foleni ya feri, kuku kila kwapa, mwepesi kama bwana harusi, vivuli vilipoanza kumpitia usoni. Akatazama mikono yake. Bunduki hamna.

"Sogeeni huku," mama mmoja akawaambia wanawe. "Kunguru hushika sura, na ya huyu wameshaishika."

Wa kwanza akashuka taratibu, bila nguvu nyingi, akampata utosini barabara.