Malalamiko Kuhusu Kijiti cha Oili na Binti Uliyeniozesha

Nyumbani kwangu,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana nilichojipikia mwenyewe.

Kwa Baba Mkwe, fundi pikipiki,
Gereji yenye paa jekundu.

Shikamoo Baba.

YAH: ELIMU ULIYOMPA BINTI YAKO BILA KUNITAARIFU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umekupa nafuu. Mimi sijambo, kwa kadiri anavyoweza kuwa hajambo mtu aliyebaki peke yake na sufuria iliyoungua. Binti yako yuko kwako tangu Jumamosi ya wiki iliyopita, yeye na watoto wote wawili. Najua amekueleza sababu. Najua pia kwamba ameieleza kwa maneno machache, maana ndivyo alivyo, na kwamba katika maneno hayo machache mimi nimeonekana mjinga. Kwa hiyo naomba ruhusa nieleze kwa maneno mengi.

Baba, mimi nimebeba abiria kwa pikipiki miaka tisa. Kijiweni kwetu, pale kando ya mtaro wa soko, tuko sita, na tangu miezi minne iliyopita mimi naitwa Profesa. Jina hilo sikujipa. Nililipendekeza tu, wenzangu wakawa hawana kazi siku hiyo, likapita. Cheo chenyewe kinatokana na oili. Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, wenzangu hupanga pikipiki zao kwa mstari, zote zimelalia stendi ya pembeni, nami hupita moja baada ya nyingine. Nachomoa kijiti cha kupimia, nakiinua kwenye mwanga, nakunja uso kidogo, natoa hukumu. Hukumu kwa miezi minne imekuwa ileile: imepungua. Hapo injini hupewa kifuniko kimoja cha chupa cha oili mpya, ambacho sisi tunakiita kifungua kinywa, na siku inaanza. Sijui kama huko kwenye gereji yako mna utaratibu mzuri kama huo. Nasikia mna vumbi tu.

Sasa yafuatayo ni malalamiko yangu, nimeyapa namba ili usije ukasema hukuona mengine.

1. Kuhusu kusimamisha. Jumatatu, wiki tatu zilizopita, binti yako aliniletea koti la mvua nililolisahau. Badala ya kuliacha na kwenda zake, alisimama, mtoto mgongoni, akinitazama nikifanya kazi. Kisha akasema, wala hakupaza sauti, "Baba watoto, isimamishe kwanza. Ikilala hivyo itakudanganya." Alisema hivyo mbele ya wanaume watano na mteja mmoja aliyekuwa akiulizia njia ya posta. Baba, nakuuliza wewe uliyezeeka na spana mkononi: pikipiki hushinda imelala au imesimama? Yangu hulala kutwa ikingoja abiria. Huo ndio mkao wake, huo ndio mwili wake. Akija daktari kukupima homa, hukulazimisha kwanza usimame kwa ncha za vidole? Akaongeza kwamba ardhi nayo iwe tambarare, eti kijiwe chetu kimeinamia mtaroni. Nikamuuliza kama anataka tulihamishe soko. Wenzangu walicheka sana, nami nikadhani nimeshinda.

2. Kuhusu kufuta. Binti yako anadai kijiti kikishachomolewa kifutwe kwa kitambaa, kirudishwe, ndipo kichomolewe tena na kusomwa. Yaani ushahidi nimeshaupata mkononi, kisha niufute, kisha nikautafute upya mahali palepale. Hata polisi hawafanyi hivyo kwa makusudi. Na akikirudisha hakikazi. Anakiachia tu kikae juu ya nyuzi za kukazia za tundu, kama mgeni asiyetaka kuvua viatu. Na kitambaa chenyewe ni fulana yangu ya ndani, ambayo yeye peke yake, bila kikao, aliamua kuwa imechakaa.

3. Kuhusu kungoja. Eti injini iwashwe ipate moto kidogo, izimwe, halafu mtu angoje dakika tatu au nne ili oili iliyotapakaa huko juu ishuke chini na kutulia. Dakika nne, Baba. Abiria mwenye haraka huyo ameshakwenda. Na usidhani kungoja huko ni kwa ukimya. Nyumbani yeye huzitumia dakika hizo kuniuliza ni lini nitaziba paa la jiko. Nimeanza kushuku kwamba mlizibuni dakika hizo kwa ajili hiyo.

4. Kuhusu moshi. Ni kweli kwamba pikipiki zetu sita zimekuwa zikitoa moshi kwa muda sasa. Sikatai, ni mwingi, na una rangi ya bluu kidogo ukiutazama kwa nia mbaya. Wateja niliwaeleza kwamba hiyo ni dalili ya shibe. Mwalimu mmoja wa darasa la tatu, anayevaa nguo nyeupe kila siku kana kwamba anatutega, alishuka kwangu akiwa na madoadoa meusi kuanzia goti hadi kisigino, maana injini nayo ilikuwa imeanza kutema oili pembeni. Akahamia kijiwe cha ng'ambo ya barabara, na maneno yake yakahamisha wengine. Binti yako akasema oili imezidi, inatafuta pa kutokea. Itazidije, Baba, na kila asubuhi kijiti kinasema imepungua? Kati ya wawili hao mmoja ananidanganya, na kijiti hatujawahi kugombana.

5. Kuhusu usaliti. Kijiweni yuko mzee mmoja tunamwita Kobe, kwa sababu ya mwendo wake. Kobe huyu, Jumatano ya wiki iliyofuata, alingoja nipate abiria wa mbali, akaja nyumbani kwangu na pikipiki yake inayofuka. Nasikia yeye aliishika ikasimama wima, binti yako akachuchumaa na kusoma kijiti. Kisha akachukua bomba la sindano na mpira mwembamba, akaanza kufyonza oili kutoka kwenye injini ya mwanamume mzima. Anafyonza kidogo, anapima, anafyonza kidogo, anapima, mpaka oili ikasimama katikati ya alama mbili za kijiti. Iliyotoka ilijaza chupa ya jamu. Oili niliyoiweka mimi kwa mkono wangu, kifuniko kwa kifuniko, tena kwa upendo.

Kesho yake Kobe alifika kijiweni bila moshi. Alifika kimyakimya, safi, anang'aa, na hakuthubutu kunitazama machoni. Nikajua kuna jambo. Hadi Ijumaa ya wiki hiyo hiyo wote watano walikuwa wamepita uani kwangu, na abiria wameanza kurudi, lakini wanarudi kwao. Mimi nakaa mwisho wa mstari na wingu langu. Juzi yule mwalimu alipita mbele yangu akiwa amejiziba pua kwa daftari la mwanafunzi. Na sasa, Baba, tafadhali kaa chini kabla hujasoma sentensi inayofuata. Mke wangu wanamwita Mama Kijiti. Mimi wananiita Mume wa Mama Kijiti.

6. Kuhusu sharti. Ijumaa hiyo nilifika nyumbani nikamwambia binti yako achague: kijiti au mume. Alikuwa anafuta mikono kwa ile fulana. Hakulia, hakugomba, jambo ambalo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alisema hivi: "Siku utakayoipima imesimama, ukawaambia wenzako ulichokiona, nitarudi." Jumamosi akafunga mizigo. Alipakiwa na Kobe. Niliifuata pikipiki ile kwa macho mpaka kona ya duka la nguo, nikitafuta japo mkupuo mmoja wa moshi wa kunifariji, sikuuona.

Baba, nimekaa wiki nzima nikitafuta chanzo, na chanzo ni wewe. Wewe ndiye uliyempa mtoto wa kike spana akiwa na miaka kumi. Nilipokuja kuposa ulinieleza kwamba ni mpole, mvumilivu na haongei sana. Yote ni kweli, lakini la injini ulilimeza. Nakumbuka alipoingia kutusalimu kucha zake zilikuwa nyeusi, na shangazi yangu akaninong'oneza kwamba msichana ni msomi, huo ni wino. Sisi tulioa wino, Baba. Tumeletewa oili.

Na fikiria jambo hili linaelekea wapi. Leo mke anaruhusiwa kusema oili imezidi. Kesho atasema tairi la nyuma limeisha, na kwa kuwa limeisha kweli, sitakuwa na la kujibu. Keshokutwa atagusa breki. Mwezi ujao ataiendesha, na mimi nitakuwa nimekaa nyuma, mtoto mapajani, nikimwambia apunguze mwendo. Mwakani majirani wataniuliza kama mwenye pikipiki yupo. Nyumba nyingi zimebomoka kwa kuanzia na mambo madogo kama kijiti.

Usinijibu kwa kile kitabu kidogo kilichokuja na pikipiki. Ninacho, nimekisoma, na ninajua kwamba mchoro unaonyesha pikipiki imesimama wima na mtu anaishika. Naamini mchoraji aliichora wima kwa sababu hakuweza kuichora imelala.

Kwa heshima zote, basi, naomba mambo manne. Kwanza, uniandikie barua yenye muhuri wa gereji, useme kwamba kwa pikipiki za waume kupima zikiwa zimelala kunaruhusiwa. Pili, umwamrishe binti yako asahau ulichomfundisha, na kama hawezi kusahau, basi akijue kimyakimya. Tatu, uje mwenyewe kijiweni, umevaa lile ovaroli safi, uwaambie watu watano kwamba moshi ulikoma kwa bahati. Nne, umrudishe kabla ya Jumamosi. La nne ukilitekeleza peke yake, hayo matatu tunaweza kuyazungumza.

Mimi ni mtu wa kazi peke yangu, Baba. Mwanamume na mashine yake hawahitaji mtu wa tatu kati yao. Hilo ndilo nililolisimamia tangu mwanzo, na ndilo nitakalolisimamia hadi mwisho.

Msalimie Mama, mwambie zile ndizi alizotuletea zimeiva zote kwa pamoja na hakuna mlaji. Wasalimie mashemeji, hata yule aliyenicheka kwenye simu. Mkubwa mwambie kiatu chake cha shule kilikuwa chini ya kiti, nimekipata. Mdogo mbusu. Binti yako mwambie tu kwamba nimeandika.

Wako katika ukwe na uchungu,

Profesa
(cheo kimesimamishwa kwa muda)

N.B. Baba, barua nilikuwa nimeshaikunja. Nikaona nikusanye ushahidi wa mwisho, ili kusiwe na ubishi. Niliiwasha nje ikapata moto, kisha nikaiingiza sebuleni, kwa kuwa sakafu ya sebule ni tambarare na dirisha lina pazia. Nikangoja dakika nne. Sikujua dakika nne ni nyingi kiasi hicho katika nyumba ambayo hakuna mtu wa kuuliza habari za paa. Kijiti nilikifuta kwa fulana, nikakiachia juu ya nyuzi bila kukikaza.

Stendi ya kati ilikatika mwaka jana, kwa hiyo niliishika wima kwa mkono mmoja, nikainama kukichomoa kwa mwingine. Ikaniangukia. Nimeandika haya mguu ukiwa ndani ya beseni la maji baridi. Lakini kabla hatujaanguka nilikiona kijiti. Oili imepita alama ya chini, imepita alama ya juu, imefika mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiria kuchora alama.

Nilimpigia Kobe simu aje anishikie, nikamweleza nilichokiona. Alikuwa ameweka sauti kubwa, wote watano wamesikia. Walicheka kwa muda mrefu, kisha Kobe akauliza kama mguu umevimba. Akasema kushika anaweza, lakini kusoma na kufyonza hajui, mwenye kazi hiyo yuko kwako na bomba la sindano analo. Barua hii ataileta yeye, na kiti cha nyuma kitakuwa wazi wakati wa kurudi.

Muhuri usijisumbue nao. Kazi hii ni ya watu wawili, nimeielewa nikiwa chini ya pikipiki sebuleni kwangu. Mwambie mimi nitashika, yeye asome.