Nafasi Moja ya Kwenda Korea

Jumatatu, 11 Aprili 1988. Rågsved, Sweden.

Deusdedit mwanangu, huna adabu! Nimekuzaa mimi. Nimekubeba mgongoni kutoka Matombo mpaka hospitali ya Morogoro una degedege, na leo unanicheka mezani mpaka chai inakutoka puani. Cha kuchekesha nini? Kwamba mama yako atakwenda Korea? Haya, cheka. Meno ni yako.

Naandika yaliyotokea, nisije nikaambiwa nimeota. Jana baada ya ibada yetu ya Kiswahili, kule ukumbini chini ya kanisa, alisimama Bi Sun-hi. Huyu ni mke wa mchungaji wa Wakorea, wale wanaosali ukumbi uleule sisi tukishatoka. Alisema kwa Kiswidi, mkwe wangu Norah akatufasiria. Mwezi wa sita kuna mkutano mkubwa wa sala wa akina mama, Seoul, siku kumi. Kanisa lao litampeleka bibi mmoja wa kwetu. Mmoja tu. Atalala majumbani kwa watu, atakula wanachokula, atatembezwa kwenye majumba ya wafalme na masoko na milima. Anayetaka anyooshe mkono.

Nilinyoosha yote miwili.

Nikageuka nione nani mwingine. Robinah! Robinah wa Hässelby, yule Mganda fundi cherehani, sauti kama anabembeleza kitoto kilale. Mtu ambaye pilipili manga tu inamtoa machozi. Korea anakwenda kula nini?

Bi Sun-hi akasema Jumapili ya tarehe ishirini na nne twende wote wawili kula kwake Jordbro. Mama mkwe wake atatuangalia, na yeye ndiye atakayechagua.

Miaka minne niko Sweden. Nimefika Högdalen, kituo kinachofuata hapa, na nimefika kwa daktari. Safari zangu zote tangu nizaliwe ni za kutumwa: peleka mgonjwa, sindikiza maiti, nenda Ulaya ukalee mjukuu. Hii ndiyo ya kwanza ninayoitaka mwenyewe. Hilo Deusdedit simwambii. Acheke tu.

Jumatano, 13 Aprili

Vita haviendwi bila kujua nchi. Leo nimekwenda maktaba na mjukuu wangu Eseza, miaka tisa, namwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi. Nikamwambia aniombee kitabu cha Korea chenye picha. Akasema ninamtia aibu. Nikamwambia aibu haijaua mtu, njaa ndiyo iuayo.

Kitabu tumepata, kizito kama tofali. Nimekiangalia mchana kutwa. Majumba ya wafalme, paa zimekunjwa pembeni kama ukingo wa kofia. Jitu la jiwe limekaa mlimani limefumba macho, limetulia, halidaiwi na mtu. Wanawake wana sketi zinazoanzia kifuani, tumbo lote linapotelea humo. Nimezipenda! Halafu sakafu. Eseza akanisomea kwamba moto wanaupitisha chini ya sakafu, watu wanakaa na kulala juu ya joto. Hawa ndio watu wenye akili. Huku joto limewekwa chini ya dirisha, linampasha moto ndege aliyeko nje.

Jioni nimejifunza kula kwa vijiti. Vijiti sina, nimechukua sindano za kufumia za Norah na bakuli la maharage. Harage la kwanza likaruka mpaka kwenye kikombe cha Deusdedit. La pili hatujaliona mpaka sasa. Saa nzima, maharage manne yamefika mdomoni. Deusdedit akauliza kama Korea nitakaa siku kumi au nitakaa mpaka nishibe.

Nikachukua harage la tano. Mtu mzima hajibu kila kitu.

Ijumaa, 15 Aprili

Mpango wa pili, huu wa maana. Wakorea wana kabichi yao, kimchi, wanakula asubuhi, mchana na jioni. Kitabu kimesema. Basi nikafahamiane nayo mapema, ili siku hiyo Jordbro nile kama niliyeachishwa ziwa kwa hiyo kabichi.

Nikapanda treni mpaka Hötorget, mjini kati, kwenye duka la vyakula vya Asia. Treni yetu hii ya kijani inapita kwangu na kuishia kwa Robinah, kwa hiyo shetani akitaka kutukutanisha katikati hana kazi. Naingia dukani, nani kainama kwenye rafu ya chupa? Yeye! Akasema alikuja kutafuta vifungo. Vifungo! Kwenye duka la samaki wakavu!

Nikamwambia mimi nimefuata mchele.

Tukasimama. Mchele uko kule, vifungo haviko popote, na chupa ya kimchi iko hapa katikati, moja tu. Nikainyakua. Robinah akacheka, akaniambia, "Mama Deusi, huo mchele wako mbona mwekundu?"

Kisha akafanya vitu vyake. Aliingia mama mmoja mzee, Mwasia, sijui wa wapi, Robinah akashuka magoti palepale kwenye sakafu ya duka kumwamkia, ndivyo kwao wanavyoamkia wakubwa. Yule mama alifurahi kama kaletewa mahari. Nikaona safari yangu inaondoka.

Basi tukiwa tunatoka nikamwambia, kwa mapenzi tu, kwamba nimesoma kitabuni: Korea anayepiga magoti ni mfiwa. Ukimpigia mtu magoti umemtakia msiba nyumbani kwake. Akashika kifua. Akanishukuru! Akanishika mkono mpaka mlangoni kwa treni.

Sijasema uongo. Kitabu ni kikubwa, na sijakimaliza.

Jumamosi, 16 Aprili

Nimefungua chupa. Ikapumua. Kabichi inapumua! Harufu ikatoka jikoni, ikapita sebuleni, Eseza akakimbilia kwa rafiki yake. Nikaonja kwa ncha ya kijiko. Imechacha kabisa.

Nimepikia mapadri wa misheni miaka kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kuharisha. Chakula kilichoharibika nakijua, na hiki dukani kimekaa mpaka kimeoza, maskini, na watu wananunua kwa kuwa hawana bibi wa kuwaambia. Nikamwaga maji yake. Nikaosha mara tatu, pilipili yote ikaenda. Nikakaanga na kitunguu na nyanya, nikatia tui la kopo, nikaacha lichemke polepole.

Deusdedit alikula sahani mbili. Norah alikomba sufuria kwa ugali.

Nimelala chali nawaza. Wakorea wana majumba ya wafalme, wana sakafu ya moto, ila kabichi imewashinda. Mungu hampi mtu vyote. Mimi ndiye ninayekwenda kuwakamilishia.

Jumapili, 24 Aprili

Naandika kabla sijalala.

Tumekwenda Jordbro, mimi, Norah na Robinah. Nilivaa kitenge kipya. Robinah alivaa gomesi, gauni refu la Kiganda, mabega yamesimama kama masikio ya sungura. Njia nzima nilimkumbusha habari ya msiba, akawa anaitikia tu, ndiyo dada, ndiyo dada.

Tukavua viatu. Bi Sun-hi akatukaribisha, na mumewe mchungaji. Mama mkwe kakaa kwenye mto chini, kibibi kidogo, uso umekunjamana vizuri, macho makali. Kabla sijasema habari, Robinah chini! Magoti yote mawili, mikono mbele, kichwa kinakaribia zulia! Nikangoja kibibi kipige kelele. Kibibi kikapiga makofi. Bi Sun-hi akamweleza Norah kwamba hivyohivyo ndivyo Wakorea wanavyowasujudia wazee wao siku ya mwaka mpya, na kwamba watoto wake mwenyewe wamekataa kujifunza.

Nikamnong'oneza Robinah, na msiba je? Akaninong'oneza kwamba kwao wanapiga magoti kwenye msiba na kwenye harusi pia, kwa hiyo aliona atabahatisha.

Ningefanya nini? Nami nikashuka. Kushuka nilishuka. Kuinuka ndiko kulikokataa. Mchungaji alinishika huku, Norah kule, kitenge kikalia praa. Kibibi kikaziba mdomo kwa mkono.

Hapo nilijua magoti yamenishinda, imebaki kazi. Kwetu mgeni mwanamke mwenye adabu hakai kama mtalii akisubiri sahani. Anaingia jikoni, anashika mwiko, ndipo wenyeji wanajua wamepata mtu. Robinah amekaa, anatabasamu. Kaa hapohapo, nikamwambia moyoni. Nikaingia jikoni. Bi Sun-hi alikuwa anapanga mito ya kukalia, Norah anaonyeshwa picha za harusi. Hakuna mtu.

Mlango wa roshani ulikuwa wazi. Nje, mtungi wa udongo, mkubwa, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Nikafungua. Mama yangu! Ile harufu ya chupa mara mia. Mtungi mzima wa kabichi umewachachia, na wageni wameshakuja! Nilimwonea huruma Bi Sun-hi. Aibu gani hii, mbele ya mama mkwe wake? Nikasema moyoni, Dafrosa, Mungu amekuleta.

Nikavuta mtungi mpaka bafuni. Nikaosha yote kwenye beseni la kuogea, maji yakawa mekundu kama nimechinja. Nikateka sufuria yao kubwa kuliko zote. Vitunguu niliviona, nyanya niliziona, tui nilikuja nalo kwenye mkoba, mpishi hatembei mikono mitupu. Nikakaanga. Nikaimba na wimbo.

Tulipokaa nikaingia nayo mwenyewe, mvuke unapanda, nikaiweka katikati ya visahani vyao vidogo vidogo.

Bi Sun-hi akaangalia sufuria, akaangalia roshani, akakimbia roshani. Akarudi hana rangi. Akasema kitu kwa Kikorea, na kibibi kikaweka vijiti chini.

Norah akaambiwa, nami nikaambiwa na Norah, akiuma meno: kabichi ile bibi aliitia chumvi kwa mikono yake mwezi wa kumi na moja. Kabichi kuchacha ndiyo kazi yake. Ndiyo iliyobaki mpaka mavuno. Ndiyo aliyopanga kuwaonjesha wageni leo.

Masikio yalinichoma. Sikulia, ila nyanya ile ilikuwa na mvuke mkali.

Kibibi kikachukua vijiti tena. Kikaonja kabichi yangu. Kikatafuna, kikatafuna. Kikasema neno moja refu. Wakorea wote wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Nikamwuliza Norah kasemaje. Norah akasema, "Mama, bora nisitafsiri." Nikamwambia nilikuposa kwa ajili ya mwanangu ili unifiche maneno? Akasema bibi anasema kabichi hii ni ya mtoto aliyetoka kuugua.

Ya mtoto aliyetoka kuugua! Basi si ndiyo inayoponya? Nikashukuru.

Robinah alimaliza bakuli, akaongeza.

Jumanne, 26 Aprili

Asubuhi Bi Sun-hi amepiga simu. Norah alisikiliza muda mrefu, akisema ja, ja, ja, yaani ndiyo, mgongo amenipa. Nikajua. Anakwenda Robinah.

Norah akakaa karibu yangu, akanishika goti. Akasema mama mkwe hana kinyongo, amenipenda, anataka niende kumtembelea. Ila Seoul mgeni atalala kwa mdogo wake yule bibi, na huyo mdogo ana mitungi kumi na miwili juu ya paa la nyumba. Bibi amesema hataki mimi na mitungi ile tulale nyumba moja.

Nilikwenda kukaa chumbani. Kile kitabu cha maktaba kilikuwa kitandani. Nimekipa Eseza akirudishe. Deusdedit aliporudi kazini alisimama mlangoni na koti lake, hakucheka. Akasema, pole mama. Afadhali angecheka.

Saa kumi kengele ikalia. Robinah! Amekuja treni nzima, kutoka mwisho wa kwake. Nilitaka kumwambia sipo. Akapiga magoti mlangoni, kwangu mimi, kwenye rundo la viatu. Nikamwambia inuka huko, unanitakia msiba. Akasema, akiniita mama kwa Kiganda, "Nilijua tangu dukani ulikuwa uongo, nyabo. Yule mama alifurahi, na mtu hafurahii kutakiwa msiba." Nikakohoa.

Ndipo akatoa la moyoni. Anaogopa. Siku kumi, na pilipili hawezi. Juzi Jordbro alijaribu visahani vyote, ulimi ukawaka moto. Chakula pekee alichoweza kumeza ni kabichi yangu. Akaomba nimfundishe kuipika, asije akafia ugenini kwa njaa mbele ya Wakorea.

Nikamtazama. Amevaa soksi mbili tofauti, kwa haraka ya kuja. Miaka yote hii sikujua kwamba huyu mtu naye anaogopa.

Nimemkaangia, amekula. Nimempa sanduku langu la ngozi, lile nililokuja nalo huku, sina kazi nalo mwaka huu. Na kitenge cha kuvaa siku ya kutembezwa kwenye majumba, maana gomesi haipandi ngazi. Akalia. Nikamwambia aache ujinga, akae, ashike penseli.

Maana nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Jordbro nilichelewa. Mtu akishakaa mezani hafundishiki, kabichi ingewahi mapema wangeielewa. Basi andika, Robinah, na upige mstari chini. Tui makopo sita, uyafungie ndani ya soksi. Ukifika Seoul piga magoti yako, waamkie vizuri. Kisha usikae! Uliza ngazi iko wapi. Panda juu ya paa kabla hawajaamka, mitungi iko kumi na miwili, anza na ule wa pembeni, na osha mara tatu!