Kizibo na Kabati la Mkandarasi

Mkandarasi alipiga funda moja, akakunja uso, akairudisha glasi juu ya kaunta kwa kishindo.

"Hii feki!" akatangaza. "Haiunguzi! Mimi nimelipia wiski, sikulipia maji ya kunyweshea mtoto."

Bibi Kaunta, mwenye baa, alimtazama kwa huruma. Wiski ile ilikuwa bora kuliko zote alizokuwa nazo. Kuifikia ilibidi apande kigoda. Lakini mteja ni mfalme, hata akiwa mfalme wa wajinga. Akainama, akatoa chupa ya chini kabisa, ile anayotumia kuondolea madoa ya rangi mezani, akammiminia. Mkandarasi akanywa, machozi yakamlengalenga, akajipigapiga kifuani.

"Eeh! Hii sasa ndiyo wiski. Kumbe vitu vizuri mnavificha!"

Pembeni, mbele ya soda ya tangawizi, alikaa bwana mmoja mwenye suti safi na viatu vilivyochoka, na roho yake ilikuwa ikimchezacheza kwa furaha. Wenyewe walimwita Kizibo. Jina hilo alipewa na Bibi Kaunta, kwa sababu kizibo huishi mdomoni mwa chupa siku zote na hakinywi. Na kweli bwana huyu hakuwa amewahi kuonja kileo. "Sionji kazini," ndivyo alivyokuwa akisema, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwapiga watu changa la macho, na watu wapo saa zote, likizo ya kuonja hakuipata. Lakini kuzungumzia vinywaji? Hapo mpishe. Kila alichokijua alikiokota kwenye kaunta ile, kutoka kinywani mwa mwenye baa.

"Pombe mbaya," Bibi Kaunta alisema mkandarasi alipokwisha kuondoka, "inaingia kama mgambo. Inavunja mlango, inapiga kelele, na asubuhi unakuta kichwa kizima kimepekuliwa. Nzuri inabisha hodi. Inavua viatu. Inakaa, inanyamaza kidogo, halafu ndipo inaanza kukusimulia. Umeshaimeza, bado unaisikia inazungumza."

"Na yule bosi?"

"Yule ulimi wake umesakafiwa. Halafu ajabu ya Mungu, nyumbani ana kabati zima la vioo, limejaa wiski na brandi za maana. Zawadi za watu wanaotafuta tenda. Hajafungua hata moja. Anazitunza, Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yake wanakuja, anataka awakoge."

Kizibo akaiweka soda yake chini polepole. Alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Bibi Kaunta alikuwa akijiandaa kufungua baa ya pili, ya wakubwa, na alikuwa amemwambia waziwazi: maneno yako matamu nimeyashiba, Kizibo, nataka mshirika. Niletee mzigo wa kuanzia, vinywaji vya ukweli, uwe mwenzangu wa baa, na hayo mambo ya moyo tutayamalizia hapohapo. Jumapili ikifika nawe uko mikono mitupu, mwenye bucha naye ameniposa, na yeye ana friji mbili.

Tuseme wazi, Kizibo alimpenda mwanamke yule. Alimpenda mpaka usingizi ulikuwa umemkimbia. Katika hadithi hii, hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa feki.

Siku ya pili yake akazuka kwenye jengo la mkandarasi, amevaa koti jeupe, mkononi ana faili lisilo na karatasi.

"Mkubwa, mimi natoka Kampuni ya Ukaguzi na Fidia ya Vinywaji," alisema. "Mji huu umevamiwa na chupa feki. Watu wanapofuka. Juzi bwana mmoja alimkaribisha mkwewe kinywaji, mkwe akaamka asubuhi anamsalimia mwenye nyumba 'hujambo, dada'."

Mkandarasi akashtuka. "Jumamosi nina wageni wazito!"

"Ndiyo maana nimekuja. Tunakagua, chupa feki tunaiondoa, na tunakupa nyingine halali. Chupa kwa chupa."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

Mkandarasi alikuwa mtu mwenye mkono wa birika, mafundi wake walijua. Mtu wa namna hiyo humwulizi mara mbili akishasikia neno bure. Akamwambia Kizibo aje Alhamisi, na asichelewe.

Kizibo akaingia gharama. Akakusanya chupa tupu nyuma ya baa, zile za majina makubwa, akaziosha. Akanunua madumu ya pombe kali ya bei ya kutupwa, akiba yake yote ikaishia humo. Hela ya kukodi pikapu ikapungua, akauza saa yake ya mkononi. Haikumuuma hata kidogo. Alijiona tayari amesimama kwenye kaunta mpya, mkono mmoja kwenye droo ya fedha na mwingine begani kwa Bibi Kaunta.

Alhamisi hiyo alikaribishwa sebuleni. Makochi yalikuwa bado yana nailoni za dukani, na ukikaa yanakulalamikia. Kabati lilisimama ukutani, linawaka kwa chupa za rangi ya asali na za rangi ya kahawia, na moja nyeupe kama maji. Kando yake alikaa mama mkwe wa mkandarasi, kikongwe mdogo aliyekuwa anafuma kitambaa, na kikombe cha chai kando yake. Kizibo akamwamkia kwa adabu zote. Adui wa kwanza wa tapeli ni mtu mzima asiye na shughuli.

Akatoa kile kipimo ambacho madaktari husikilizia moyo, akakiweka kwenye ubavu wa chupa ya kwanza. Akafumba macho.

"Unasikia nini?" mkandarasi akanong'ona.

"Sisikii kitu, ndiyo tatizo. Wiski halisi iko hai, mkubwa. Inapumua. Hii imekwisha kufariki." Akahamia ya pili. "Na hii. Poleni sana." Akamulika tochi kwenye kifuniko. "Ona hapa. Gundi! Imefunguliwa, ikafungwa tena. Unajua wanatia nini siku hizi? Chai."

"Chai!"

"Chai ya rangi. Brandi wanaipikia majani mengi, wiski majani machache. Nyeupe ile ni maji tu, wanayachemsha." Kizibo alikuwa anatunga hapohapo, na utungo ulimnogea mwenyewe.

Sindano ya kufumia ikaanguka sakafuni. Mama mkwe alikuwa amemkodolea macho, mdomo wazi.

"Hebu nifungue moja nionje," mkandarasi akasema, mkono tayari kwenye kifuniko.

"Thubutu!" Kizibo akaruka. "Ukifungua, fidia imekufa! Kampuni haifidii chupa iliyofunguliwa!"

"Usionje, baba!" mama mkwe naye akapiga ukelele, amesimama wima kwa wepesi ambao magoti yake hayakuwa nao siku nyingine. "Unataka mwanangu awe mjane? Waache wazichukue! Zote!"

Kizibo akamshukuru Mungu kwa wazee wenye busara. Mkandarasi akaacha kifuniko, akafikiri kidogo, akatoka mbio. Alirudi kutoka jikoni na chupa ya siki, na nyingine ya dawa ya kikohozi.

"Na hizi nazo nazishuku," akasema. "Nazo zinafidiwa?"

Wakafunga chupa kwa magazeti pale koridoni, Kizibo na mama mkwe, wakati mkandarasi anazipanga zile mpya kabatini kama mtoto aliyepewa pipi. Kikongwe akamsogelea mpaka sikioni.

"Mwanangu, umejuaje?"

Kizibo akageuka kutazama kama mkandarasi anasikia. Huyu bibi amenishtukia, akawaza. "Kazi ni kazi, mama," akajibu kwa sauti ya chini.

"Na hutasema kwa mtu?"

"Mama, wewe usiposema, mimi nitasemea nini?"

Wakapeana mikono. Mama mkwe akashusha pumzi ndefu, akamwongezea chupa moja iliyokuwa imesahaulika nyuma ya pazia. "Chukua na hii, isibaki hata moja. Unapatikana wapi, mwanangu, nikiwa na shida?"

Kizibo akamtajia baa mpya. Alipoondoka alikuwa anapiga mluzi. Nchi ina wazee wema, alijisemea, sema tu hatuwatumii.

Jumapili mchana, kabla wageni wa ufunguzi hawajaanza kufika, baa mpya ilikuwa bado inanuka rangi. Chupa za kabatini zilikuwa zimepangwa rafu nzima, na Bibi Kaunta alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo Kizibo hakuwahi kuliona. Alimwangalia Kizibo kwa jicho laini kabisa.

"Sikudhani utaweza," alisema. "Kweli nilikudharau."

"Kwa ajili yako ningeleta na kiwanda."

Bibi Kaunta akacheka, akashusha chupa ya brandi. Hakuwahi kumwuzia mtu kitu asichokionja mwenyewe. Akamimina kidogo, akanusa. Akanusa tena. Akaonja.

"Kizibo."

"Naam, moyo wangu."

"Hii ina sukari."

"Ah, nzuri huwa na kautamu ka mbali," Kizibo akasema kwa ujuzi. "Inavua viatu kwanza, inakaa, inanyamaza..."

"Ina mdalasini."

"Inaanza kukusimulia..."

"Ni chai, Kizibo!"

Akafungua ya pili, akafungua ya tatu. Chai ya majani mengi, chai ya majani machache. Ile nyeupe akaitema kabla haijafika kooni. Ilikuwa maji, tena yamechemshwa vizuri. Gauni la kijani likageuka kutoka kwenye rafu. Kizibo akainyakua ile glasi ya kwanza, akainywa yote; ilikuwa chai kweli, tena tamu.

"Hukuionja kabla ya kuileta?" Bibi Kaunta akauliza.

"Unajua... sionji kazini."

Hodi ikabishwa mlangoni. Akaingia mama mkwe wa mkandarasi, pochi begani na chupa ndogo ya chai mkononi, akaketi kwenye kiti kirefu bila kusaidiwa.

"Nimekutafuta, mwanangu. Jana wageni walikunywa vitu vyako. Wote wakalia. Mkwe wangu analia, baba wa kijana analia, mama yake anajifuta kwa kitambaa cha meza. Wakasema hawajaona familia yenye upendo kama ile. Ndoa imepita." Akavuta pumzi. "Lakini mimi umeniponza. Hicho ulichokiweka kabatini hakinyweki. Usiku nimejaribu kukiiba, kimenishinda."

Kizibo akashika kaunta. "Kukiiba? Na zile za mwanzo, mama?"

"Zile si ulishajua? Nilizinywa. Taratibu, sikuwa na pupa. Nyumba ile inachosha, baba, wanazungumza saruji kutwa. Halafu kila juma nabadilisha chai isichache, nabandika vifuniko upya na gundi ya mjukuu, kazi kama ya muuguzi. Uliposema chai pale mbele ya mkwe wangu, nusura nizimie. Nikasema, kumbe mabingwa bado wapo!"

Hapo Kizibo akaelewa, na uchungu wake ukawa mkubwa kuliko hasara. Maisha yake yote amesema uongo na ukamlipa. Alhamisi ile moja alisema ukweli mtupu, neno kwa neno, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui.

Mama mkwe akafungua chupa yake ya chai. "Niliokoa kidogo ya mwisho ya zile za kabatini," akamwambia Bibi Kaunta. "Nusa wewe, unaonekana mtu wa kazi."

Bibi Kaunta akanusa. Akamimina tone, akaonja, akafumba macho.

"Imevua viatu," akasema hatimaye.

"Ngoja," mama mkwe akamnong'oneza. "Sasa hivi itaanza kuzungumza."

Kisha wakaanza kuzungumza wao. Mama mkwe akaeleza kwamba wanaotaka tenda hawaishi, zawadi zinaingia kila mwezi, na mkwewe ameipenda mno ile ya kuunguza. Basi kwa nini kila mtu asipate anachokipenda? Ile ya madumu iende kabatini, ile ya zawadi ije huku. Bibi Kaunta akasema amekuwa akitafuta mshirika mwenye mzigo, na kama ana ulimi pia, hiyo ni bahati juu ya bahati. Wakapeana mikono juu ya kichwa cha Kizibo, maana alikuwa amekilaza kwenye kaunta.

"Na mimi?" akauliza, sauti ndogo.

Bibi Kaunta alimtazama. Hakuwa na hasira. Ilikuwa afadhali angekuwa nayo. Akamimina tone la mwisho kwenye glasi safi, akamsogezea.

"Onja," akasema. "Leo huna kazi."

Kizibo akainyanyua glasi kwa mikono miwili. Bingwa wa kusikiliza chupa, mkaguzi mkuu wa kampuni isiyokuwepo, akanywa kileo cha kwanza cha maisha yake, tena kilicho bora kuliko vyote mjini. Wanawake wawili wakangoja hukumu. Akakunja uso, akakohoa, macho yakamjaa machozi, na safari hii mwenyewe hakujua kama ni ya pombe au ya gauni la kijani.

"Kusema ukweli wa Mungu," akasema alipopata pumzi, "afadhali ile chai."

Bibi Kaunta akacheka mpaka akashika rafu. Lakini mama mkwe hakucheka. Alimpapasa Kizibo mkono, ameguswa kwelikweli.

"Asante, mwanangu," akasema. "Mwaka mzima napika, wewe ndiye wa kwanza kuisifia."