Tisa Juu ya Themanini na Tisa

Jumatano, 26 Juni 2024. Kasongo.

Nimenyimwa orodha! Kamati ya wanafunzi wa zamani wa darasa la sita, mwaka 1994, imekutana chini ya uongozi wa Alain Abedi, siku hizi mkuu wa shule, na kuamua kwamba majina aandike yeyote isipokuwa mimi. Sababu: mara ya mwisho nilijiandika mgeni wa heshima. Ni kweli. Lakini nani mwingine alikuwa na tai?

Sherehe ni Jumanne, tarehe 2 Julai, kwenye uwanja wa shule yetu ya zamani. Tunamuaga Mwalimu Dominique, anayehamia Kindu kwa binti yake na hatarudi. Atasoma majina yetu kama siku ya kutangaza matokeo: wazazi wamesimama, mtoto anaitwa, anapita mbele, anapigiwa makofi. Miaka thelathini kamili. Siku ile aliyeitwa wa kwanza ni Alain. Mimi sikuitwa kabisa, maana walioanguka hawakuitwa. Mama yangu alikuwa amevaa kitenge kipya, kuku wa sherehe kwapani. Tulirudi nyumbani watatu, mama, mimi na kuku.

Nataka kuitwa wa kwanza. Mara moja tu, Mwalimu akiwa bado hapa.

Orodha amepewa Cécilia, aliyekaa dawati la mbele yangu. Aliuza vitenge Salamabila miaka mingi, sasa amerudi. Mji mzima unamwita Mama Glody. Humu daftarini atabaki Cécilia. Hana kompyuta. Mimi ninayo, katika kibanda changu cha fotokopi, na niliwahi kusomea programu Bukavu. Wiki tatu nzima. Nimejitolea kumfundisha bure. Mkono utakuwa wake, akili itakuwa yangu!

Alhamisi, 27 Juni

Somo la kwanza: fonksioni. Nimemwambia ni kama mashine ya kukoboa mpunga pale sokoni. Unatia mpunga, unatoka mchele. Kesho jirani analeta mpunga wake, mashine ni ileile, hakuna anayeijenga upya. Kinachoingia kinabadilika, kazi haibadiliki. Akauliza, je, ukitia maharagwe? Nikasema utatoka ugomvi. Akaliandika! Mwandiko wake ni uleule wa zamani, herufi za mviringo. Nilikuwa nikizinakili juu ya bega lake, na bado nikapata nilichopata.

Tukatunga fonksioni yetu, tukaipa jina Panga. Kazi yake: kupokea orodha yoyote na kuirudisha imepangwa. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikalaumu betri, paneli ya jua, kisha mawingu. Cécilia akapitia maandishi yake, akasema labda mashine tumeijenga lakini hatujaiita ifanye kazi. Ni kweli. Fonksioni isiyoitwa inakaa tu palepale, imeandikwa vizuri, haifanyi lolote. Nilimkumbuka mtoto mmoja wa mwaka 1994, nikajifanya nakohoa.

Kabla hajaondoka nilimpa kanuni yangu kuu: kila kitu kiandikwe ndani ya alama za kunukuu. Jina, namba, kila kitu. Bukavu nilisahau alama hizo mara moja, mashine ikanitolea maandishi mekundu ukurasa mzima. Sijasahau tena.

Ijumaa, 28 Juni

Somo la pili: kupanga orodha. Nimenunua samaki watano wakavu wa Nyangwe, nimewalaza mezani. Unatazama wawili walio jirani. Mkubwa akiwa mbele ya mdogo, unawabadilisha nafasi. Unasogea, unatazama wawili wanaofuata. Ndivyo Mwalimu Dominique alivyotupanga mstarini kila asubuhi, bega kwa bega, wafupi mbele. Vumbi lilikuwa limenyunyiziwa maji, na harufu yake ninaisikia hadi leo. Nilikuwa nikikunja magoti kidogo ili nisihamishwe mbali na Cécilia. Sikumwambia. Ameolewa, ana watoto watano, na mimi magoti yanauma.

Niliwapitia samaki mara moja, nikatangaza kazi imekwisha. Akasema wa pili bado ni mkubwa kuliko wa tatu. Akawapitia yeye, akarudia tangu mwanzo, akarudia tena, hadi ikapita raundi nzima bila kubadilisha hata samaki mmoja. Akasema sasa ndiyo imekwisha. Nikamjibu nilikuwa nampima. Aliondoka na samaki mkubwa kuliko wote.

Sasa mpango wangu. Nilimshawishi tupange majina kwa alfabeti. Mimi ni Amuri Evariste. A! Nani atanipita? Tukabonyeza. Wa kwanza: Abedi Alain. Hata alfabeti ni ya ukoo wake!

Jumapili, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Kwangu mimi, msiba.

Mwalimu Dominique hataki alfabeti. Amempa Cécilia kitabu chake cha zamani cha alama. Anataka atusome kwa alama za hesabu za mwaka ule, sote thelathini na mmoja, hata walioanguka, kila mtu na alama yake kwa sauti. Abedi Alain: 89. Hakuna aliyemzidi. Cécilia: 76. Amuri Evariste: 9. Wino mwekundu. Maji ya mvua yameharibu kurasa kumi za kitabu kile, lakini ile tisa haijapauka hata kidogo.

Nilimtuma Cécilia apendekeze tupangwe kwa idadi ya watoto. Ninao wanane. Mwalimu alikataa. Basi nitaitwa wa mwisho, pamoja na tisa yangu, mbele ya mji. Bora ule mwaka ambao sikuitwa.

Jumatatu, 1 Julai

Muujiza!

Cécilia amekuja asubuhi, ameandika orodha nzima kwa uaminifu, kila kitu ndani ya alama za kunukuu kama nilivyomfundisha. Akaamuru: kubwa juu, ndogo chini. Akabonyeza. Wa kwanza: Amuri Evariste, 9. Wa pili: Abedi Alain, 89. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye bati. Mashine haina upendeleo. Haijui nani ni mkuu wa shule na nani anapiga fotokopi. Imeangalia, imepima, imeamua. Nikamwambia tuchape haraka kabla wingu halijafika.

Cécilia hakuruka. Aliinamia kioo cha kompyuta, akapitisha kidole kwenye namba.

"Evariste, hii tisa yako iko ndani ya alama kama vile jina," alisema. "Mashini haiisome kama namba. Iko inaisoma kama neno, inaanza na ya mbele. Ya kwako inaanza na tisa, ya Alain inaanza na nane. Ndiyo maana uko juu. Ni vile tu ilipanga Abedi mbele ya Amuri, herufi moja moja."

Nikamwomba aiache hivyohivyo. Nikamweleza yote: kitenge kipya, kuku, ile njia ndefu ya kurudi nyumbani. Sikuwahi kumweleza mtu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema hawezi kumdanganya Mwalimu siku ya mwisho. Kisha akaanza kuzifuta alama za kunukuu kwenye zile namba, moja moja. Nilitoka nje nisione. Alichapa karatasi yake, akaikunja, akaniaga kwa heshima. Nina hasira. Mimi ndiye niliyemfundisha!

Jumanne, 2 Julai

Nilikuwa nimeamua kutokwenda. Saa nne nilikuwa nimeshafika, na tai.

Uwanja ni uleule, ila mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Alain alikuja na suti, mke, watoto na mpiga picha, akamweka mpiga picha mbele kabisa. Mwalimu Dominique akasimama na fimbo yake. Akaifungua karatasi ya Cécilia. Mpiga picha akapiga goti, Alain akafunga kifungo cha koti.

"Amuri Evariste," alisoma Mwalimu. "Tisa."

Watu wakacheka. Mwalimu alingoja kicheko kiishe.

"Mwaka ule sikukuita," alisema. "Mama yako alibaki anasimama pale na kuku yake, na mimi nikafunga kitabu. Leo naanza na weye."

Cécilia alikuwa amepanga kutoka ndogo kwenda kubwa. Kila alama mahali pake, hakuna uongo hata mmoja. Nilipita mbele. Nikapigiwa makofi. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu kama zamani, nikalia. Naandika wazi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Mama alifariki miaka minane iliyopita, na bado nilikuwa natafuta kitenge chake kati ya watu.

Alain aliitwa wa thelathini na moja. Mpiga picha alikuwa ameshakwenda kula wali.

Jumatano, 3 Julai

Mwalimu ameondoka asubuhi kwa pikipiki, sanduku moja limefungwa nyuma. Nilisimama barabarani hadi vumbi likatulia.

Baadaye nimetafakari. Ukweli ni huu: Jumatatu mashine iliniweka wa kwanza. Jumanne ikaniweka wa kwanza tena, hata baada ya Cécilia kuichokorachokora. Mara mbili, kwa njia mbili tofauti! Hiyo si bahati, hicho ni kipaji. Cécilia alipita kibandani kunikumbusha kwamba namba hukaa nje ya alama za kunukuu. Nilimshukuru. Sikuandika.

Nimepaka rangi ubao mpya wa mlangoni: SHULE YA PROGRAMU. MWALIMU: EVARISTE AMURI, WA KWANZA, DARASA LA 1994. Wameshajiandikisha wawili, na mmoja ni mke wa Alain. Tunaanza kesho. Somo la kwanza nimelitayarisha: kila kitu kiandikwe ndani ya alama za kunukuu.