Ombi la Kuhamisha Kituo cha Maziwa Kiifuate Pikipiki Yangu

Kwa Bwana Koome, Mwenyekiti wa Kamati ya Maziwa, na pia shemeji yangu,

Pokea salamu kutoka huku juu Timau, ambako baridi inatupasua mikono. Nakuandikia kama Mwenyekiti kwanza. Mambo ya ushemeji tutayaongea ukija nyumbani.

Nimesikia kamati inakaa Alhamisi kuninyang'anya kazi ya kubeba maziwa ya majirani, impe Mbaka na punda wake. Shemeji, nimeumia. Kazi hiyo ndiyo inayonifanya niitwe mtu hapa kijijini. Kabla hamjaamua, someni malalamiko yangu, maana mwenye makosa ni kituo chenu.

1. Kituo kilijengwa mahali pabaya. Ile pikipiki yangu ya magurudumu manne, niliyoinunua kwenye shamba la ngano, ina klachi inayokwama. Nikiacha kuiongezea petroli, injini inatulia vizuri, lakini puli za klachi, yale magurudumu madogo yanayozungusha mkanda, hazifunguki. Zinaendelea kuubana mkanda, gia inakataa kutoka, na nikishuka kutua mitungi, pikipiki inaondoka na maziwa bila mimi. Karani wa kituo ananiambia niizime. Nikiizima, kuiwasha ndiyo balaa, inaruka hapo hapo! Mwishowe husimama yenyewe kwenye ua wa mchungaji wa kanisa, kule chini. Sasa kituo kingejengwa kwa mchungaji, kungekuwa na shida gani?

2. Mlango wa kituo. Kamati inasema niliubomoa. Kwani ulikuwa umefungwa kwa nini saa ya kupokea maziwa?

3. Foleni. Akina mama wakinisikia nikija wanatawanyika, halafu wanasema sina heshima. Maziwa ya Mama Angeline yalimwagika yote, na yule mama anategemea ng'ombe mmoja tu. Hilo liliniuma sana, nikampelekea ya kwetu. Lakini tuseme ukweli, foleni yenu imesimama tu. Ingekuwa inatembea kuelekea upande ninaoelekea, tungemiminiana maziwa huku tukienda.

4. Punda wa Mbaka. Mnamsifu eti anajua kusimama. Hata jiwe linajua kusimama, na hamjalipatia kazi!

Na mtu asiseme sijaitunza pikipiki. Njiru, yule dereva wa shamba aliyeniuzia, aliniambia klachi hii haipakwi kitu chochote, ikae kavu. Kavu! Kwa vumbi hili letu? Mimi ni mfugaji, bwana. Kitu kikikwaruza, kinapakwa. Nikaifungua, nikaipaka yale mafuta ya kukamulia, yanayolainisha chuchu za ng'ombe, na nikayapaka kwa ukarimu. Kadiri ilivyozidi kukwama ndivyo nilivyozidi kuipaka. Hakuna ng'ombe Timau nzima aliyehudumiwa hivyo.

Kwa hivyo naomba kwa unyenyekevu: kituo kihamie kwa mchungaji, mlango ung'olewe, foleni itembee, naye mchungaji aarifiwe mapema atafute pa kuhamia.

Nisalimie mama watoto, wazee wa kamati, karani, na hata Mbaka. Punda simsalimii.

Wako katika maziwa na katika ukoo,
Mutwiri

Nyongeza: Shemeji, hebu ngoja. Leo asubuhi ng'ombe alimpiga teke dada yako Marcella, maana chuchu za ng'ombe huyo zimepasuka kwa baridi, na mkebe wa mafuta hauna kitu. Akauliza mafuta yake yako wapi. Nikamwonyesha klachi. Wacha nisikuandikie aliyoyasema. Alikuta yamechanganyika na vumbi yakawa tope, hayafai tena, akayakwangua yote na kupangusa puli kwa kitambaa, kwa hasira, mpaka zikakauka kabisa.

Sasa pikipiki inasimama pale pale unapoiambia. Mimi naamini ilinisikia nikisoma barua hii kwa sauti, ikaogopa kamati. Tafadhali kituo kisihamishwe. Kikienda kwa mchungaji, ambako pikipiki haijipeleki tena, maziwa yatabaki barabarani.

Barua anakuletea Marcella mwenyewe, juu ya pikipiki, pamoja na maziwa ya majirani wote. Anasema kazi hiyo iandikwe kwa jina lake. Nimekataa katakata, ila ufunguo wa pikipiki anao yeye. Kama kamati inahitaji mtu wa kufungua ule mlango wa kituo, nifikirieni.